Upinde wa Kununua

Jumatano moja ya mwezi Juni mwaka 2024, binti yangu alinipigia simu kutoka Nairobi. Baada ya kunijulia hali na kuuliza habari za mvua, alisema: "Baba, mjukuu wako ameambiwa apeleke upinde shuleni Ijumaa. Ni kazi ya Sanaa. Hapo barabarani kuna wale wanaowauzia watalii. Nichukulie mmoja mzuri, umpe dereva wa basi, nitaupokea kesho jioni." Nikamjibu kwamba sitanunua. Alicheka akidhani natania. Alipofahamu kwamba sitanii, alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa hakujua nililokuwa nalo moyoni. Nimeandika kurasa hizi ili alijue. Nawe pia, ndugu msomaji, kama una mtoto au mjukuu aliye shuleni, nakuomba unisikilize kabla ya kutia mkono mfukoni.

Neno langu ni hili: kazi ya mikono iliyonunuliwa ni uongo, na mwalimu anayeipa alama huku akijua imenunuliwa ni mshirika katika uongo huo. Huenda ukasema hayo ni maneno makali kwa jambo dogo kama kijiti na uzi. Ningekubaliana nawe, lau si mimi mwenyewe niliyekuwa mwalimu huyo.

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha hisabati katika shule moja ya msingi kando ya barabara kuu ya Mombasa, upande wa Ukambani. Kwa sababu ya uhaba wa walimu, nilipewa pia somo la Sanaa na Ufundi, ingawa sikuwa nimepata kuchonga hata mwiko. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umeleta kazi za mikono mashuleni, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Kila muhula tulikusanya mifagio, miiko, kamba za katani, viondo na vinyago. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya soko kugundua haja yetu. Akina mama waliosuka viondo vya kuuza walianza kusuka na vidogo, "vya shule". Wachongaji wakawa na miiko ya shule. Sisi walimu tulijua. Tungewezaje kutojua, hali tulipita sokoni hapo hapo tukaviona vimepangwa? Tulinyamaza kwa sababu kazi nzuri ziliipendezesha meza siku mkaguzi alipokuja.

Muhula mmoja wavulana wawili walileta pinde. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye duka. Upinde wake ulikuwa umenyooka kama rula, umepakwa vanishi, umechorwa kwa chuma cha moto, na uzi wake ulikuwa wa nailoni nyeupe. Wa pili alitoka upande wa mbugani, katika nyumba ambayo sikuwahi kumwona mzazi wake shuleni. Upinde wake haukunyooka. Ulikwenda ukipinda kidogo huku na huku kama njia ya ng'ombe, na juu kidogo ya mahali pa kushikia palikuwa na nundu, kana kwamba mchongaji alichoka akaiacha. Sikuupinda wala mmoja. Niliitazama miti ile mezani, nikachukua kalamu nyekundu. Wa kwanza nilimpa alama 36 kwa 40. Wa pili nilimpa 14, na pembeni nikaandika: "Haujanyooka. Haujakamilika." Kisha nikaendelea na mafagio.

Nilistaafu mwaka 2008. Miaka mitatu baadaye, kwenye matanga ya jirani, nilimwona mzee mmoja mwembamba akiwatumbuiza watoto kwa kulenga shina la mgomba kwa upinde. Mshale wake ulikuwa butu, hauna chembe, lakini ulipiga shina kwa mlio uliotufanya sote tugeuke. Nilimfuata nikamwomba aniuzie upinde ule. Alinitazama, akauliza kama ni mimi niliyekuwa mwalimu wa hesabu. Nikasema ndiye.

"Mwalimu, huu umenizoea mimi," akasema. "Siuuzi. Njoo nyumbani utengeneze wako."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza, nikiwa na miaka 58. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinipeleka kwa mzee kila Jumamosi alikuwa mjukuu wa mzee huyo. Nilimtambua siku ya kwanza, naye alinitambua, ila hakuna aliyesema neno.

Watu hudhani upinde ni fimbo iliyofungwa uzi. Nami nilidhani hivyo. Mzee alinipeleka porini akanionyesha mkole, mti ambao watu wengi wa nchi kavu hupenda kuutumia kwa pinde na mishale, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu na haukatiki ovyo. Tulitembea nusu siku tukitafuta shina moja lililonyooka, lisilo na matawi mengi, nene kidogo kupita kidole gumba changu na cha shahada vikiwekwa pamoja. Alilikata chini, akaacha kisiki ili kichipue tena. Tulipofika nyumbani, akaipaka miisho yote miwili mafuta ya ng'ombe isipasuke, akaliweka juu ya dari ya jikoni, penye moshi. Nikamwuliza tutaanza lini. Akasema baada ya mavuno.

Sisi walimu tuna methali tunayoipenda sana: samaki mkunje angali mbichi. Tumewachapia watoto methali hiyo. Basi nilimwambia mzee, kwa nini tusiukunje mti huu ungali mbichi, wakati ni laini? Alicheka, akakata kijiti kibichi, akakipinda, akakiachia. Kijiti kilibaki kimepinda. "Huyu amekutii," akasema. "Lakini hatarudi. Upinde usiorudi utautupaje mshale?" Ndugu msomaji, nilikuwa nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. Mti mbichi hukubali kila umbo unaloupa, lakini huwa hauna nguvu ya kurudi. Ni mti uliokauka polepole, bila kupasuliwa na jua, unaoweza kupinda na kurudi maelfu ya mara.

Upinde wangu wa kwanza ulivunjika. Upinde una mgongo na tumbo: mgongo ni upande unaoelekea shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe. Ukiuvuta, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Kwa hiyo nyuzi za mti zilizo mgongoni lazima zipite kutoka mwisho hadi mwisho bila kukatwa. Mzee aliniambia niondoe maganda tu upande wa mgongo, nisipitishe kisu kwenye mti wenyewe. Lakini alipokwenda kuwatoa mbuzi, mimi, mtu wa rula, niliona mti una kona kidogo, nikaunyoosha kwa panga. Ukawa umenyooka vizuri sana. Jioni, tulipoupinda kwa mara ya kwanza, ulichanika pale pale niliponyoosha, na kipande kikanipita karibu na sikio. Mzee hakunilaumu. Alikiokota kipande akanionyesha jinsi nyuzi zilivyokatwa. Mti wenyewe ulikuwa na njia yake, nami nikaikatiza.

Wa pili nauita upinde wa hesabu. Nilikuwa nimejifunza kuogopa, nikaamua kupima. Nikachukua rula na penseli nikagawa kila nusu katika sehemu sawa. Hapo elimu yangu haikuwa bure, maana kuna jambo la kweli ambalo hesabu hulieleza vizuri. Ugumu wa fimbo ya mviringo hutegemea kipenyo chake kikipandishwa hadi kipeo cha nne. Chukua fimbo yenye kipenyo cha milimita 30, uikwangue mpaka ibaki milimita 27. Umeondoa milimita moja na nusu tu kila upande, karibu unene wa sarafu. Lakini sehemu tisa za kumi, ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe mara nne, zinabaki kama 0.66. Yaani, kwa unene wa sarafu umepoteza theluthi nzima ya ugumu. Nilimweleza mzee jambo hili kwa fahari. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ndiyo maana tunamalizia kwa kipande cha chupa, hatumalizii kwa panga."

Yaliyoniangusha hayakuwamo katika rula. Miti haikui kwa vipimo sawa. Upande uliokuwa karibu na mzizi una uzito wake, na upande wa juu una wake. Unaweza kuchonga nusu mbili zilizo sawa kwa rula, moja ikawa ngumu na nyingine laini. Kwa hiyo upinde hausawazishwi kwa kupimwa, husawazishwa kwa kupindwa. Unaufunga uzi mrefu ulio legevu, unautundika kwenye uma wa mti, unauvuta uzi kidogo tu, unarudi nyuma kutazama. Unatafuta mahali palipolala kama ubao, pasipopinda, na mahali palipokunjika kama goti. Mzee alikuwa akitundika upinde saa za jioni ili kivuli chake kianguke ukutani, kwa kuwa kivuli kilimwonyesha mchirizo wa upinde bila rangi na maganda ya mti kumdanganya.

Nusu ya juu ya upinde wangu ilipinda vizuri. Ya chini haikutaka. Mimi nikavuta kwa nguvu zaidi ili ile ya chini nayo isalimu amri. Kila nilipovuta, nusu ya juu ilizidi kupinda, na ya chini ikakaa vile vile. Nikachukua kipande cha chupa, nikakwangua pale palipokuwa pakipinda, nikifikiri kwamba hapo ndipo mti unaposikia. Mzee akanishika mkono.

"Mwalimu, unamnyoa mgonjwa," akasema. "Huyu wa juu amechoka, anabeba mzigo wa wawili, nawe unazidi kumpunguza. Mwache. Mkwangue huyu asiyefanya kazi."

Hiyo ndiyo kanuni yote ya kusawazisha upinde, na inatosha kuandikwa kwa mstari mmoja: kwangua palipo pagumu, usiguse palipo dhaifu. Huwezi kuongeza mti mahali palipopungua. Unachoweza ni kupunguza ugumu wa upande mwingine mpaka nao ukubali kubeba sehemu yake. Na kila unapofanya hivyo, nguvu ya upinde mzima inapungua kidogo. Ndiyo gharama ya usawa, hulipwa na upinde wote. Ndiyo maana mchongaji mwenye busara huanza na mti mnene kuliko anaouhitaji, na kila baada ya kukwangua mara chache huupinda upinde mara ishirini au thelathini, taratibu, ili mti upokee yaliyofanywa kabla ya kuongeza mengine.

Upinde wa pili haukuvunjika, lakini nusu yake ya juu ilibaki imelegea. Nilikuwa nimekwisha kuiumiza. Wa tatu ndio nilio nao hadi leo. Ni katika kuuchonga huo wa tatu ndipo nilipofika mahali penye jicho la mti, pale tawi dogo lilipokuwa limeota. Nikaweka kisu ili nilisawazishe na sehemu nyingine. Mzee akasema hapana. Penye jicho nyuzi za mti huzunguka, hazipiti moja kwa moja, basi ni mahali padhaifu. Mchongaji hupaachia unene wa ziada kufidia udhaifu huo. "Acha nundu," akasema.

Nilikiweka kisu chini. Mbele yangu nikauona upinde mwingine, juu ya meza ya walimu, miaka kumi na saba nyuma, uliopinda huku na huku kwa kufuata nyuzi za mti, wenye nundu juu ya mshiko. Haujanyooka. Haujakamilika. Kila nilichokitia kalamu nyekundu kilikuwa ni maarifa. Mtoto yule wa miaka kumi na mitatu alijua usomi ambao mwalimu wake hakuwa nao, nami nilimwadhibu kwa kuujua. Na ule upinde ulionyooka, niliouvika alama 36, sasa naamini ulikuwa umekatwa kutoka kwenye ubao wa msumeno, nyuzi zikakatwa kila upande. Lau ningemwambia mwenyewe aupinde mbele ya darasa, ungechanika mikononi mwake.

Jioni hiyo, tukirudi kwa pikipiki, nilimwuliza yule kijana kama anaukumbuka upinde aliouleta shuleni.

"Nilipata kumi na nne, mwalimu," akasema bila kugeuka.

Hakusema zaidi, wala mimi sikuweza. Tulipofika nilimwomba radhi. Aliipokea kwa upole, akachukua nauli yake, akaenda. Simsingizii kwamba alama zangu ndizo zilizomfanya aache shule baada ya darasa la nane. Karo ilitosha kufanya hivyo. Lakini najua kwamba mara moja katika maisha yake alileta darasani kitu ambacho nyumba yao ilikijua kuliko nyumba zote, na shule ikamwambia hakifai.

Sasa narudi kwako wewe mzazi, na kwako wewe mwalimu mwenzangu. Mfumo wa 8-4-4 umepita katika shule za msingi, na mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Tumeingia katika mtaala wa umilisi, ambao tunaambiwa humpima mtoto kwa anachoweza kufanya. Vizuri. Lakini ugonjwa ule ule tumeuhamishia katika nyumba mpya. Mtoto anapewa kazi Jumatatu, inatakiwa Ijumaa. Jumatano mama anakumbuka. Alhamisi baba ananunua. Ijumaa mtoto anabeba kitu asichokijua hata jina, mwalimu anakipiga picha na kuandika kwamba mtoto amevuka matarajio. Ni nani aliyevuka? Ni pochi.

Na hapa ile kanuni ya mzee inatuhukumu. Darasa lina nusu mbili. Kuna watoto ambao nyumba zao zina pesa za kununua, na kuna ambao nyumba zao hazina. Kazi ya kununua humfanya wa kwanza akae kama ule upande mgumu wa upinde wangu: hapindi, hajaribu, hatoki jasho. Mzigo wote wa kujaribu, na kukosea, na kuchekwa, humwangukia wa pili. Kisha sisi tunakuja na kalamu tunamkwangua yule yule anayefanya kazi. Halafu tunashangaa kwamba upinde mzima hauna nguvu. Mtoto wa tajiri naye tumemdhulumu, labda zaidi. Tumemwibia kosa lake la kwanza, lile la kuchanika sikioni, ambalo hakuna duka linaloliuza.

Najua majibu yenu, kwa sababu niliwahi kuyatoa.

Mtasema upinde ni mambo ya ushamba, kwa nini mtoto wa leo apotezewe muda? Nitawajibu kwamba mwaka 2016, Kenya ilipoingia uwanjani siku ya ufunguzi wa Olimpiki huko Rio de Janeiro, bendera yetu ilibebwa na mpiga upinde, Shehzana Anwar. Hakuna aliyemwita mshamba. Tena, katika pango la Sibudu huko Afrika Kusini wataalamu wamepata ncha za mawe za zaidi ya miaka 60,000, ambazo wengi wao wanaamini zilikuwa za mishale. Kama wanasema kweli, basi huu ni ujuzi wa zamani kabisa wa bara letu. Na yule mtu aliyekutwa mwaka 1991 kwenye barafu za milima ya Alps, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa amebeba upinde wa karibu mita 1.8 ambao hakuwa amemaliza kuuchonga. Leo wataalamu wanausoma upinde ule usiokamilika kama kitabu, kwa kuwa alama za shoka lake bado zinaonekana. Mimi ningempa 14.

Mtasema nawafundisha watoto ujangili. La hasha. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, nami sigombani na sheria hiyo. Tulio karibu na Tsavo tunajua historia. Mbuga ilipoanzishwa mwaka 1948, watu walioishi kwa upinde, Wawaata na baadhi ya Wakamba, walijikuta wahalifu katika nchi yao. Katika msako wa mwaka 1956 na 1957 wengi walifungwa. Pinde za Wawaata zilikuwa ngumu mno, watu wazima wenye nguvu kutoka nje walizijaribu wakashindwa kuzivuta. Ujangili mkubwa uliofuata katika miaka ya 1970 na 1980 ulifanywa hasa kwa bunduki. Mtoto anayelenga shina la mgomba kwa mshale butu, akisimamiwa na mtu mzima, hamwui ndovu. Lakini tukimzuia asijue kabisa, tunaua pamoja na uwindaji akili iliyokuwa ndani yake, na hiyo haikuwa na hatia.

Mtasema hamna muda. Hili ndilo jibu pekee ninaloliheshimu. Binti yangu huondoka nyumbani kabla ya jua na kurudi baada ya jua. Hapo lawama si yake peke yake. Mwalimu anayedai upinde kwa siku nne anadai kununuliwa, hata kama hajui. Mti haukauki kwa siku nne. Tena, mkole hauoti kwenye ghorofa za Nairobi. Basi mwalimu wa mjini aache upinde, aombe kitu ambacho mtoto anaweza kukitengeneza kwa vilivyopo: tiara ya karatasi, gari la waya, ufagio. Lakini akitengeneze mwenyewe, nacho kikiwa kibaya kipokelewe kibaya.

Na mwalimu afanye jambo moja ambalo mimi sikulifanya. Kabla ya kuandika alama, ampe mtoto kazi yake mkononi amwambie: itumie. Kama ni ufagio, fagia. Kama ni kiondo, kitie mahindi. Kama ni upinde, uupinde. Kisha amwulize ni wapi alipokosea. Aliyetengeneza ataonyesha mahali mara moja, kwa kidole. Aliyenunua atamtazama mama yake.

Nilimwambia binti yangu amlete mtoto likizo ya Agosti. Ijumaa ile ya Juni mjukuu wangu alikwenda shuleni mikono mitupu, na mwalimu wake akaandika kwamba hakuwasilisha kazi. Binti yangu hakunipigia simu kwa wiki mbili. Lakini Agosti walikuja. Mzee aliyenifundisha alikwisha kufa mwaka 2016, kwa hiyo aliyetupeleka porini kutafuta mkole alikuwa mjukuu wake, yule wa bodaboda, sasa ni baba wa watoto watatu. Niliomba yeye ndiye afundishe. Mimi nilibeba maji.

Mti ule ulikaa juu ya dari ya jikoni kwangu mpaka likizo ya Desemba. Mtoto alipoanza kuuchonga, alifika kwenye jicho akataka kulisawazisha, na sote wawili tukamwambia kwa pamoja aache nundu. Upinde wake umepinda huku na huku, unavuta kidogo kuelekea kushoto, na mwenyewe anajua ni kwa nini. Shuleni hawakuuomba tena. Hakuna aliyeupa alama hadi leo.